Namba 4417

Ardabil, mwezi wa Bahman. Theluji imefika kizingitini
na birika la maabara limekufa tena.
Kipande kimekuja ndani ya nta,
kidogo kuliko punje ya dengu,
kimetolewa mlangoni mwa tumbo, pale chakula kinapopiga hodi.

Nakikata. Wembe unatoa utepe
mwembamba kuliko ganda la kitunguu;
naupokea juu ya maji ya vuguvugu
kama barua iliyolowa.

Kwanza rangi za kila siku, zambarau na waridi.
Hadubini haikunificha: seli za pete.
Ute umeijaza kila moja, umekisukuma kiini pembeni
hadi kimelala ukingoni
kama jiwe la akiki.
Zinatembea mojamoja,
hazina mtaa, hazina jirani.

Nikaiulizia protini ya kushikana mikono,
ile inayoiambia seli neno moja tu: kaa.
Kimya. Buluu tupu.
Basi ndivyo ilivyokuwa:
aliyesema kaa alinyamaza,
akaingia kaa mwingine, mwenye magando.

Nikaiulizia ya pili.
Hapa Dakta Pourandokht nami tunageuka wachawi kidogo,
tunaombea ubaya.
Protini hii ikizidi, uvimbe hukua kwa pupa;
lakini ikizidi, ina dawa yake.
Kahawia ikiizunguka seli kama hina iliyokolea
tunapigiana simu usiku, tunacheka.

Nilihesabu. Sifuri.
Nikafuta lenzi kwa pindo la koti,
nikahesabu tena.
Kioo cha kulinganishia, hapo kando, kilikuwa kimekolea vizuri,
kwa hiyo kosa si la dawa wala la mkono wangu.
Laiti lingekuwa langu.

Jina kwenye fomu sikupaswa kulisoma.
Yadollah Zargham, miaka sitini na mmoja. Kazi: mchonga pete.

Yule wa sokoni, jirani na duka la halua nyeusi!
Alimchongea baba muhuri, akakosea herufi,
baba akalalamika, naye, bila kuinua macho:
"Jiwe halifutiki, ndugu yangu. Badilisha jina."
Miaka kumi na tisa baba alitia sahihi kwa kosa lile,
kwenye hati za shamba, kwenye cheti changu cha ndoa.

Nimeandika yanayopaswa kuandikwa:
aina yake, kina ilichochimba,
mikono iliyoachana, sifuri.
Zimebaki protini mbili sijaziuliza.
Kingamwili zake ziko njiani kutoka Tehran
na barabara ya mlimani imefungwa tangu Jumanne.

Kila saa naenda dirishani kutazama kama magari ya kusukuma theluji yamepita.
Chini ya glavu nimevaa pete ya baba.
Herufi ile iliyokosewa inanibonyeza kidole.