Riali Arubaini

Nilimnunulia mwalimu wa fizikia aliyekuwa akirudi Manila:
riali thelathini na tano, kengele bure,
na stika ya timu nisiyoijua, imegandia kwenye fremu
kama dai la zamani.
Nzito. Ukiinyanyua, unajua umenyanyua.
Lakini yangu.
Na mwisho wa mwezi huu bahasha ina riali arubaini
ambazo si za umeme wala za ada.

Shemeji yangu Zahor, mwenye baiskeli ya kaboni
inayoning'inia kwa kidole kimoja,
aliinama, akaubonyeza uma wa mbele.
Ukalia kama mlango wa stoo.
"Huu tupa. Tia mpya. Mia na ishirini tu."

Tu.
Kwake neno la herufi mbili.
Kwangu mimi lina miezi mitatu ndani yake.

Jirani akanipakilia kwenye pikapu hadi Nizwa, Sanaiya,
kwa Shibu, mtu wa Kerala,
mwenye Kiarabu cha spana:
kitenzi hakina wakati, ila nati inakaza.
"Wewe panda wapi?"
Nikamwambia: Birkat al-Mauz, nyuma ya migomba,
unavuka falaji, unaingia wadi,
kokoto, halafu mawe,
halafu mawe yenye chuki na mtu.
"Migunga?"
Migunga tele.
Akapitisha kidole gumba juu ya tairi, akacheka bila sauti.
Kipara. Tairi za kwendea dukani kununua mkate.

Basi tairi mbili zenye meno, riali kumi na nane.
Maji ya gundi ya kumimina ndani ya tyubu, mbili na nusu,
maana mwiba wa mgunga haubishi hodi.
Padi za breki, nne. Nina watoto watatu;
hapo sikuomba apunguze.
Kanyagio pana, za chuma, zenye vipini vya kung'ata soli, sita.
Nikauliza hizi za plastiki zina kosa gani.
Akapandisha suruali, akanionyesha muundi:
kovu refu kama zipu.
Nikalipa sita.

Ukutani palikuwa na kiti cha zambarau, laini, cha jeli.
Nilikitaka. Nisidanganye, nilikitaka
kama mtoto anavyotaka puto.
Riali tisa, na tisa na nusu ndizo zilizobaki.
Shibu hakusema kitu.
Alikipandisha kiti changu kile kile vidole vinne,
akakirudisha nyuma kidogo. "Kaa."
Nikakaa. Magoti yangu, ambayo nilidhani ni umri,
yalikuwa ni urefu wa bomba.
Kisha akabonyeza pua ya tairi, tsss,
akapima kwa gumba, tsss tena.
"Upepo mwingi. Jiwe hapendi tairi ngumu."
Nikamuuliza huo uliotoka ni bei gani.
"Upepo wa Nizwa," akasema. "Bure. Wewe panda, rudisha."

Ijumaa, mara baada ya sala ya alfajiri,
kofia ngumu juu ya mtandio
(hiyo ilinunuliwa kabla ya baiskeli; mama aliniapisha),
nikafika kwenye lile bamba la mawe lenye mshipa mweupe
ambapo wiki tatu mfululizo nimeshuka
na kuikokota baiskeli kama mbuzi wa kuuzwa.
Sikushuka.
Tairi zilijikunja kidogo, zikalikumbatia jiwe, zikaliachia.
Sikupumua mpaka chini.
La pili liliniangusha. Kiwiko, si kitu.
Zahor alikuwa nukta nyekundu upande wa pili wa wadi.
Simfikii. Sikuongeza kitu cha kumfikia.

Uma haujabadilishwa. Unalia, jiwe kwa jiwe,
wadi nzima inajua ninapopita.
Nikikata kona ya msikiti, Asila ameshausikia kutoka jikoni,
ameshainjika maji ya chai,
na kengele ya bure, ile ya Manila,
hata sijawahi kuipiga.