Vipande Saba

Zdenka alifika na daftari na viatu vya mjini,
tope la Zagorje likampokea hadi vifundoni.
"Mama Barica, tunafufua vichezeo vya mbao.
Faida haiji mfukoni mwangu,
inarudi kwenye patasi."
Nikamjibu: patasi imelala na mwenyewe.

Uongo. Ilikuwa kwenye droo ya vijiko.

Akauliza mbao.
Hapo nikalitazama jiko.
Vid aliacha rundo zima darini, likikauka taratibu;
baridi kumi na moja nimeota moto wake,
vipepeo wasiozaliwa wakitokea dohani
bila mbawa.
Lipa, ndilo jina la mti ule kwetu.
Nami nilikuwa nadaiwa.

Vilibaki vipande saba, mvunguni mwa kitanda,
kwa kuwa mgongo ulikataa kuinama.

Franjo wa jirani akachonga, akakereza magurudumu.
Mimi nikakoroga nyekundu. Ua moja, nukta tatu:
mkono ulikumbuka kabla yangu.
Tukamsukuma wa kwanza sakafuni,
kle-kle, kle, kle-kle,
paka akapanda kabatini.

Zdenka akatoa rula.
"Bawa la kushoto limezidi. Wateja watarudisha."
"Vid alichechemea," nikasema.
"Vipepeo wake walimfuata mwendo."
Akaitazama rula kama kitu cha kuazima,
akairudisha mkobani.

Sita wamekwenda, na pesa nimenunua kuni.
Cha saba sijakiuza, wala hakijachongwa.
Theluji ikianguka nakisogeza karibu na jiko.
Karibu tu.