Picha Isiyo na Namba

Kazi yangu ni mita. Nainama,
nafunua kifuniko cha chuma, nafuta tope kwa kidole gumba,
napiga picha: namba, muhuri wa risasi, basi.
Nyumba mia mbili kwa siku, kuanzia barabara kuu ya Comas
hadi kule juu ambako ngazi za manjano
zimechoka kupanda kabla yangu.

Bwana Arbulú wa ofisini ana sheria tatu:
kivuli kisiingie, kidole kisiingie, mbwa asiingie.
"Nélida," huniambia, "shirika halikukuajiri uangalie."

Na mimi sikuangalia. Miaka sita.
Anga la Lima, wenyewe tunaliita tumbo la punda:
la kijivu, la chini, halinyeshi wala halifunguki,
linatona tu rasharasha isiyotosha kuosha kikombe.
Chini ya tumbo hilo mtu huzoea kutazama viatu vyake.

Ikawa Jumanne, kwa mjane Ochante,
aliyekuwa ameifuta mita yake, kwa heshima tu,
kama mtu anavyomfutia mgeni kiti.
Nikabonyeza. Nikatazama.
Namba hakuna.
Kuna nyaya za umeme, kuna kona ya paa,
kuna tumbo la punda lote, limebanwa ndani ya kioo
kisichozidi sarafu,
na katikati ya sarafu uso wa mwanamke aliyeinama.
Ilinichukua muda kumtambua.

Nikapiga ya pili, ya namba, ya Arbulú.
Ile ya kwanza sikuifuta.

Tangu hapo macho yangu ni mbuzi aliyekata kamba.
Yale mabango ya dansi za cumbia, ukutani,
niliyokuwa nikiyapita kama unavyopita kelele:
waridi linalouma, kijani cha ndimu,
chungwa kama lina taa tumboni.
Niliulizia. Nikaelekezwa kwa Abilio Taipe,
mwanamume mnene mwenye wino wa waridi kwenye nyusi,
amekasirikia herufi.
"Hii R nimeirudia mara tisa. Mguu unateleza."
Sikujua herufi ina mguu.
"Mtu yumo ndani ya basi, anasinzia, basi linakimbia.
Nina sekunde mbili. Moja inaliwa na usingizi."
Akavuta wino juu ya fremu, akainua,
na R ikasimama, mbichi,
kama mtu aliyeitwa jina lake.

Halafu gitaa.
Nyuma ya ukuta wa mabati, vipande vilevile vinne,
na kila mara linajikwaa palepale.
Nimepiga magoti kwenye mita, gurudumu jekundu linazunguka:
kuna mtu anafua humo ndani.
Gitaa linakaribia pale mahali,
gurudumu linasimama.
Linajikwaa. Gurudumu linaendelea, taratibu, kwa huruma.
Nilichelewa dakika ishirini mtaa ule.
Lilipopita salama, maji yalifunguka kwa kishindo.

Jumapili ya kuingia bure nilikwenda jumba la sanaa.
Mbele ya mchoro, bluu tupu ukuta mzima,
nikainama chini kulia, kwa mazoea, kutafuta namba.
Mlinzi, Zoraida kifuani, viatu kavua nusu,
akaninong'oneza: "Rudi nyuma hatua tatu.
Mimi ilinichukua miezi minne kujua."
Nikarudi.
Nilichokiona sitakisema, si kwa siri;
nilijaribu kumsimulia dada yangu, akaniuliza kama nimekula.

Leo Ijumaa, barua ya ofisi, ina mhuri:
Picha ya 212. Mita haionekani.
Kinachoonekana: ukuta, bango lililochanika,
mtoto kalala juu ya gunia la viazi, mwanga.
Eleza.

Wameacha mstari mmoja.
Nimeandika, nikakata. Nimeandika, nikakata.
Karatasi imeanza kutoboka.
Mwisho, pembeni, palipobaki nafasi:
usomaji ni sahihi.