Arubuni

Ujumbe uliingia usiku, nikikaanga viazi:
"Sisi ni wawili, twatoka Eldoret.
Miaka ishirini ya ndoa. Twataka picha,
saa mbili nzima, faragha,
pasiwe na watu nyuma."
Nikajibu: arubuni ni nusu, salio mwisho wa kazi,
nguo zisiwe na maandishi,
na mje saa kumi na mbili u nusu,
kabla jua halijapanda juu ya mapaa
likawachimba macho kama waliokesha matangani.
Simu ikalia: pesa zimefika.
La watu nyuma sikulijibu.
Nitamwambia nani Kibokoni asipite?

Wakaja wamevaa nyeupe.
Jerotich na gauni linalofagia njia,
Kibet na kanzu ya jana,
mikunjo ya dukani ingali kifuani.
"Shikaneni," nikasema. Wakashikana
kama watu wanaovuka barabara.
Mume akacheka meno yote; nikamwomba apunguze;
akafunga mdomo, akawa hakimu.
Mkokoteni wa maji ukapita.
Watoto wa chuoni wakapita, juzuu kwapani.
Paka akalala katikati ya picha, haombeki.
Kila niliposema "tayari,"
mtu alisema "hamjambo."

Nikawapeleka kwenye mlango unaotakwa na wote,
ule wa njumu za shaba, kizingiti kimelika kati
kwa nyayo za watu nisiowajua.
Nimeupiga mara mia na kitu.
Haujapata kufunguka.

Leo ukafunguka.

Bi Thureya, leso begani, miwani ya kamba shingoni:
"Kumbe ni wewe.
Harusi ngapi umezipigia mgongoni kwangu?
Mlango wangu umefika Ulaya, umefika Amerika.
Mimi hata Likoni sijafika, mwaka wa pili huu."

Nikameza mate. Nikaanza hesabu
ya salio, ya fungu lake, ya radhi.
Akainua kiganja.
"Pesa sitaki. Nataka picha ya paspoti.
Wamezikataa mbili. Ya kwanza ukuta wa buluu,
ya pili ati kivuli.
Nami mwaka huu, Mungu akipenda, nahiji."

Ukuta mweupe hatukuupata;
chokaa ya mtaa wote imechorwa ramani na chumvi.
Ndipo Jerotich, bila kuambiwa,
akaukunjua mtandio mrefu
alioubeba kutoka bara ili upeperuke pichani.
Akashika pembe yake, Kibet akashika ya pili,
wakasimama nyuma ya kiti cha bibi, mikono juu,
wakigombana kwa sauti ndogo,
kwa lugha nisiyoijua
na maneno niliyoyafahamu yote:
inua kwako, umekunja,
siku zote wewe wakunja.

Bibi akavua miwani.
Akakaa kama mtu anayengoja kuitwa jina.
Nikapiga tatu. Ya tatu ikatosha.

Kisha nikarudi nyuma hatua nne,
sikusema "tayari," nikapiga kila kitu:
kiti, mlango wazi, ndoo ya kijani ukumbini,
bibi na magoti yake,
mpita njia kasimama kutoa maoni,
mtandio umekwenda upande,
na hawa wawili, mikono imewachoka,
wametazamana juu ya kichwa cha mtu mwingine
wakicheka meno yote.

Usiku nikawatumia sabini na mbili, zimesafishwa.
Wakalipa salio. Wakataka moja tu ikuzwe,
itundikwe sebuleni:
ile yenye watu.

Kesho yake nikagonga kwa Bi Thureya na bahasha,
vipande vinne vimekatwa sawasawa.
Akavitazama kwa mbali, akavitazama kwa karibu.
"Nimezeeka," akasema, kama asemaye kumekucha.
Kisha: "Wanidai ngapi?"

Nikakitazama kizingiti.
"Hudaiwi, bibi. Arubuni yako
naila tangu mwaka nilionunua kamera."