Uwanja Nyuma ya Jengo la Kumi na Moja

Bembea yetu ilikuwa chuma kitupu
na ubao mmoja, uliopasuka katikati,
ukimfinya mapaja asiyejua kukaa.
Mimi nilijua. Niliketi upande,
kama abiria asiye na tiketi.

Ilikuwa inalia. Sauti mbili,
ya kwenda na ya kurudi,
na mama, jikoni, ghorofa ya sita,
alitambua kwa mlio aliyepanda:
"Huyo Lasha, anasukuma kwa hasira.
Huyo Marekhi, leo hampi mtu zamu."

Hapo ni Gldani, pembezoni mwa Tbilisi,
treni ya chini ya ardhi inapochoka na kugeuza.
Maghorofa ya saruji, lifti ya kulipia sarafu,
na katikati mchanga, mtelezo wa bati
uliotuunguza kila Julai,
na mforsadi mmoja uliotupaka midomo zambarau
hata uongo wetu ukaonekana kabla ya kusemwa.

Eteri wa ghorofa ya nane alishusha kapu kwa kamba,
ndani yake noti iliyokunjwa mara nne.
Tulikimbilia tanuri, tukarudi na mkate wenye ncha mbili,
ncha moja imeshaliwa njiani.
Alijua. Kapu lilishuka tena
na uzi wa jozi zilizochovywa katika rojo la zabibu.
Kamba ikinasa kwenye soksi za Nodari, ghorofa ya tano,
basi ni vita, dirisha kwa dirisha,
nasi chini mchangani tukitazama bila kiingilio.

Kisha ukaja ule msimu wa baridi usio na umeme.
Tulihesabu mishumaa badala ya siku.
Asubuhi moja benchi halikuwapo.
Miguu yake minne ya chuma ilibaki,
kila mmoja umevaa kofia ya theluji.
Hakuna aliyeuliza.
Bomba la jiko la Gocha, lililotokezea dirishani,
lilitoa moshi wenye harufu ya rangi,
rangi ya kijani tuliyoipaka wenyewe mwezi wa Mei.
Jengo zima lilikaa na jina lake mdomoni
kama punje ya pilipili manga,
halimezi, halitemi.
Gocha alikuwa na mtoto wa miezi miwili.

Wiki iliyofuata, ubao wa bembea.
Huo sijui ni nani.

(Najua. Usiku ule tulikula viazi vya moto,
na baba hakunitazama.)

Theluji ilipoyeyuka Gocha alishuka na mlango mgongoni,
mlango wa chumba chake cha kulala, na msumeno.
Baba akatoka bila kuitwa,
akashika upande wa pili wa msumeno.
Vuta, nivute. Hawakusemezana hadi jioni.
Mlango ukawa benchi, na kipande kilichosalia
kikawa ubao wa bembea, safari hii mzima.
Kitasa hakukitoa.
Miaka mingi tuliketi pale tukikizungusha,
na Marekhi akiapa kwamba siku moja
benchi litafunguka, tuone lilichoficha.

Marekhi sasa yuko Thesaloniki,
anamwogesha bibi wa watu.
Lasha sina habari zake.

Mwaka jana nilirudi. Uwanja umejaa magari.
Nguzo ya bembea imebaki moja,
imefungiwa kamba ya kuanikia.
Niliishika, kiganja kikanuka sarafu.
Mwanamke akachungulia ghorofa ya tano,
akauliza namtafuta nani.
Nikataja jina la mama.
"Alishahama," akasema,
akavuta pazia.

Akalifungua tena.
"Ngoja. Si wewe yule
aliyekuwa akikaa upande?"