Chungwa Si Mlo

Simu ililia nikifagia machungwa
kwa fagio la chelewa, kama majani makavu.
Sauti ya msichana, ya adabu, ya mjini:
"Shikamoo mama. Tunafanya utafiti.
Katika siku saba zilizopita
kaya yako imekula milo mingapi kwa siku?"

Nikamuuliza: mwanangu, chungwa ni mlo?

Akanyamaza. Nikasikia karatasi ikifunuliwa.
"Hapa halijaandikwa."

Basi andika sifuri na nusu, nikamwambia,
maana hapa Mkuzi asubuhi tunamenya,
mchana tunamenya, na usiku
watoto wanalala midomo imewachubuka kwa uchachu.
Malori yamekwama Horohoro, leo siku ya kumi na moja,
yanangoja dereva apimwe pua.
Majibu yanatambaa.
Chungwa haliwezi kungoja.
Mnunuzi wa Mombasa amezima simu.
Shule imefungwa, na uji wa shule umefungwa nayo.
Mbuzi wenyewe wamekinai, wanatuangalia sisi.

"Je, mmewahi kuuza mali ya kaya ili mpate chakula?"
Cherehani, nikasema. Na bati sita
za chumba cha Mwantumu.
"Mali nyingine?"

Nikamtazama mume wangu Shekue
amesimama na shoka chini ya mchungwa wa tatu,
anapima kwa jicho
mti mmoja utatoa magunia mangapi ya mkaa,
gunia moja kilo ngapi za sembe.

Hapana, nikasema. Nyingine hatuna.
Mtu hamwambii mgeni kwamba anakula mguu wake.

*

Ulimwengu umeshapona, wanasema.
Barakoa yangu ya mwisho nachujia tui.
Malori yamerudi, yanapiga honi njia ya Muheza,
na madereva wananiulizia: Mama Mhina, mzigo uko wapi?
kama watu waliokuja harusini
wakakuta matanga.

Mchungwa unataka miaka minne, mitano,
ndipo ukubali kuzaa.
Sembe ile tuliila wiki tatu.

Vuli ilipopita visiki vikachipua.
Mwantumu akaja mbio, kanga mkononi:
mama, shamba limefufuka!
Nikachuma jani, nikalifikicha, nikanusa.
Nikakaa chini.

Marehemu baba mkwe aliibebesha michungwa ile
juu ya mizizi ya milimao, mmoja mmoja, kwa kisu cha kunyolea,
akaifunga vitambaa kama vidole vya mtoto.
Shoka lilipita chini ya kovu.
Kinachoota ni limao.

*

Jana simu imelia tena. Sauti ile ile,
nayo imekua kidogo, au imechoka.
"Mama, hali ya chakula ikoje sasa?
Imerudi kama zamani?"

Nikamwambia ngoja nimeze mate.

Andika: imechipua.
Halafu angalia vizuri kwenye karatasi yako,
mwanangu,
kama wameacha nafasi
ya kuandika ladha.