Chumba Namba Nne

Waliosema la kuvunda halina ubani
hawakufika Odense mwezi wa Novemba,
hawakuniona nikisukuma toroli la kumi na mbili
la maua-kengele ya buluu, kila chungu na kibandiko chake cha bei,
nikaliingiza chumba namba nne, nikafunga mlango,
nikaziba ufa wa chini kwa utepe.

Unga ni mweupe, haujazi hata kijiko.
Unautia kwenye ndoo ya maji, unatoka mbio,
na usiku kucha kinapanda kitu
kisicho rangi wala harufu.
Ndio ubani wetu.

Mzee Kjeldgaard, aliyenifunza kazi, hakupenda lugha ya maabara.
"Ua halifi kwa wingi wa siku," alisema,
"linakufa kwa sababu limeambiwa.
Ethilini ndiyo hewa inayopeleka habari.
Tufaha lililoiva huitoa, moshi wa lori huitoa,
ua lililojeruhiwa hulinong'oneza la jirani.
Sisi tunatangulia.
Tunaketi kwenye tundu la ufunguo;
habari ikija, inakuta pamekaliwa."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na sikuwa na mtu wa kumficha neno.

Kaka yangu Asger alianguka Aalborg,
kwenye ngazi za ghorofa yake, mwezi wa Oktoba,
mfuko wa dukani mkononi.
Mayai sita. Mawili yalibaki mazima.
Tulimzika Jumanne, mama hayupo.
Moyo wake hautahimili, alisema daktari.
Shangazi Hjørdis akasema tungoje Krismasi ipite.
Ikapita. Akasema tungoje jua lirudi.

Kila Ijumaa nampelekea mama chungu kutoka namba nne.
Makao ya wazee yana joto la kupita kiasi,
na dirishani ana bakuli la matufaha asiyoyala,
anayapenda kwa harufu tu.
Yanasinyaa pale, yanatangaza mchana na usiku.
Maua yangu hayasikii.
Wiki mbili, wiki tatu, yamesimama wima
kama watoto wa kwaya
ambao hakuna aliyewaambia ibada imekwisha.

"Ya plastiki haya?" aliuliza siku moja,
akaminya petali kwa ukucha. Ikatoa maji.
Akaridhika, au alijifanya.

"Asger hapigi simu."
"Kazi zimemzidi, mama."
Ulimi wangu ulishaketi kwenye tundu la ufunguo.

Kuna jambo Kjeldgaard alilichelewesha
hadi wiki yake ya mwisho kazini, akisuuza ndoo:
"Dawa si ya milele. Mmea huota masikio mapya.
Na vile vichomozi vilivyokuwa vimefumba usiku ule
hufunguka baadaye, vinasikia kila kitu."

Ijumaa iliyopita kengele tatu zilikuwa chini,
juu ya kitambaa cha meza,
zimejikunja kama karatasi za peremende.
Mama hakuzitupa. Alizipanga mstari.
"Zamani ulikuwa ukiniletea biskuti," alisema.
"Tangu Oktoba ni maua tu, maua,
kama mtu anayekuja kuhani."

Sikuwa nimevua koti.
Nilidhani nafukiza kitu kisioze;
kumbe ubani ule ulikuwa wa matanga,
na mfiwa alikuwa akiupokea kila wiki,
akisema asante, akiutilia maji.

"Sema," alisema. "Moyo huu una miaka themanini na minne.
Haujaanza leo kusikia."

Nikainuka, nikafungua dirisha kwanza.
Baridi ikaingia, pazia likashtuka,
kengele moja ikaviringika hadi ukingoni mwa meza.
Ndivyo tufanyavyo namba nne alfajiri:
tunaacha milango wazi, hewa ipite,
kabla mtu hajaruhusiwa kuingia.

Kisha nikaanza na mayai.